Kuhakiki Setapu ya Gemu kwa Cheksamu Kabla Hujaifungua

Gemu ya GB 20 si kitu cha kupakua mara mbili. Bando la data Uganda linabeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ule uliokuja kuchukua nafasi ya OTT, ushuru wa mitandao ya kijamii wa shilingi 200 kwa siku, na hata mwenye WiFi ya hosteli kule Wandegeya anajua inavyokokota usiku wakati kila chumba kimejiunga. Sasa umemaliza kupakua, unafungua setapu, inafika asilimia 70 halafu inakwambia faili limeharibika. Wengi hapo hufuta kila kitu na kuanza upya. Wengine huzima antivirusi wakiamini ndiyo mchawi. Wa kwanza anachoma bando bure. Wa pili anajiweka hatarini, na bado hajui tatizo liko wapi.

Cheksamu, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili, inajibu swali moja tu: je, faili nililo nalo ni lilelile, baiti kwa baiti, ambalo namba yake nimepewa? Haijibu kama gemu ni salama wala kama laptopu yako itaimudu. Ukilishika hilo, mengine yote humu ni kuandika amri na kusoma majibu.

Namba yenyewe hukokotolewa kutoka kwenye baiti zote za faili. Faili moja hutoa namba ileile kwenye Windows au Linux, liwe Arua au Kabale. Ikibadilika biti moja ndani ya GB 20, namba nzima inageuka, mwanzo hadi mwisho. Jina la faili haliingii kwenye hesabu, kwa hiyo kivinjari kikiongeza (1) kwenye jina, au wewe ukiliita “gemu ya Brayo”, namba haibadiliki.

Kwanza itafute namba rasmi

Usianze na amri. Anza kwa kutafuta namba ya kulinganisha, kwa sababu bila hiyo unachokokotoa hakikusaidii kitu. Nenda kwenye ukurasa rasmi wa gemu, pale penye linki ya kupakulia. Gemu huria ndizo zenye desturi nzuri: 0 A.D. na OpenTTD hutoa cheksamu za mafaili yao. Kama gemu inatolewa kupitia GitHub, tangu Juni 2025 kila faili la toleo jipya huonyeshwa pamoja na SHA-256 yake, ambayo ni aina mojawapo ya cheksamu. Mahali pengine utakuta faili dogo la maandishi lenye jina kama SHA256SUMS au linaloishia na .sha256 au .md5. Lipakue, ni kilobaiti chache tu.

Ukiikuta namba bila maelezo, hesabu herufi zake. Zikiwa 8 ni CRC32, 32 ni MD5, 40 ni SHA-1, 64 ni SHA-256, 128 ni SHA-512. Hii inaokoa muda, kwani kosa la kila siku ni mtu kukokotoa SHA-256 na kuilinganisha na MD5, kisha kulia kwamba faili ni bovu.

Kuhusu MD5 kuna kelele nyingi mtandaoni, na nusu yake si sahihi. Ni kweli imevunjwa: mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha mafaili mawili tofauti yenye MD5 moja, na mwaka 2012 iligundulika kwamba kirusi cha Flame kilitumia udhaifu huohuo kughushi cheti cha Microsoft. SHA-1 nayo iliangushwa Februari 2017 na watafiti wa Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam. Lakini kilichovunjwa ni kinga dhidi ya mtu kuandaa mafaili mawili pacha kwa pamoja. Kulichukua faili la mwenzake lililokwishatolewa na kutengeneza jingine la kulingana na MD5 yake ni kazi nyingine kabisa, na hadi leo hakuna aliyeonyesha hadharani njia inayotekelezeka. Na kwa uharibifu wa kawaida, mtandao uliokatika au diski mbovu, MD5 inatosha kabisa. Ukipewa zote mbili tumia SHA-256. Ukipewa MD5 peke yake, itumie bila manung’uniko.

Gemu za Steam hazihitaji haya. Steam hujikagulia yenyewe: bofya gemu kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Installed Files, uchague kuhakiki mafaili. Itapakua yale mabovu tu.

Windows

Fungua folda lenye setapu. Bofya kwenye upau wa anwani juu, pale pameandikwa njia ya folda, futa, andika powershell kisha Enter. Dirisha la amri litafunguka likiwa tayari ndani ya folda hilo, hivyo huna haja ya kuandika njia ndefu. Andika:

`Get-FileHash .\setapu.exe | Format-List`

Weka jina halisi la faili lako. Ukiandika herufi tatu za mwanzo na kubonyeza Tab, litajimalizia lenyewe, hata likiwa na nafasi katikati. Bila kutaja aina, amri hii hukokotoa SHA-256. Ukitaka nyingine, ongeza `-Algorithm MD5` baada ya jina la faili. Format-List iko pale ili namba isikatwe ukingoni mwa dirisha.

Usilinganishe kwa macho. Mtu akiangalia herufi nne za mwanzo na nne za mwisho anasema “ziko sawa” na kuendelea. Iachie kompyuta:

`(Get-FileHash .\setapu.exe).Hash -eq "BANDIKA_NAMBA_RASMI_HAPA".Trim()`

Jibu ni True au False. Herufi kubwa na ndogo hazina shida. Ile Trim iko pale kwa sababu ukinakili namba kutoka kwenye ukurasa mara nyingi nafasi moja isiyoonekana huambatana nayo, na hiyo peke yake inatosha kukuletea False ya uongo.

Baadhi ya kompyuta za kafe bado ni Windows 7, na PowerShell iliyokuja nayo haina Get-FileHash. Tumia hii:

`certutil -hashfile setapu.exe SHA256`

Usisahau kuandika SHA256 mwishoni, la sivyo utapewa SHA-1. Pia kwenye Windows za zamani certutil huweka nafasi kila baada ya herufi mbili. Zifute kwanza kwenye Notepad ndipo ulinganishe. Asiyependa amri kabisa asakinishe 7-Zip: bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua CRC SHA, halafu SHA-256. Kwenye Windows 11 huenda ukalazimika kubofya Show more options kwanza.

Subira kidogo inahitajika. Diski ya kawaida inayosoma MB 100 kwa sekunde itachukua zaidi ya dakika tatu kwa GB 20. Faili hilohilo likiwa kwenye flashi ya USB 2.0 inayosoma MB 30 kwa sekunde, ni kama dakika kumi na moja. Dirisha likikaa kimya, haijakwama. Inasoma.

Linux, Mac na simu

Kwenye Linux ni `sha256sum setapu.sh`. Kama umepakua lile faili la SHA256SUMS, liweke kwenye folda moja na gemu, kisha:

`sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS`

Itakusomea orodha na kuandika OK au FAILED mbele ya kila jina, ikiruka yale usiyoyapakua. Hapa, tofauti na nilivyosema juu, jina la faili lina maana, kwa kuwa ndilo linalotafutwa kwenye orodha. Ukiwa umelibadilisha, lirudishe.

Mac: `shasum -a 256 setapu.dmg`.

Wengi wetu hupakulia kwenye simu halafu tukahamishia kwenye laptopu. Sakinisha Termux, programu ya kuandikia amri kwenye Android, kutoka duka la F-Droid, andika `termux-setup-storage` na ukubali ruhusa, kisha `sha256sum ~/storage/downloads/` ukifuatisha jina la faili. Hakiki ukiwa kwenye simu, kabla ya kuhamisha. Ukihakiki laptopu peke yake na namba zikagoma, hutajua kama ni mtandao ulioharibu au ni waya wa USB.

Gemu iliyokatwa vipande

Duka la GOG, kwa mfano, hugawa gemu kubwa kuwa setapu moja ya .exe na mafaili kadhaa ya .bin. Kosa hapa ni kuhakiki ile .exe tu, ambayo mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote, na kuacha mzigo wenyewe. Hakiki folda zima kwa mpigo:

`Get-FileHash .\* -Algorithm MD5 | Format-List`

Na hapo ndipo faida ya fedha inapoonekana. Vipande vitano, kimoja kikiwa kibovu, unapakua kimoja. Bila cheksamu ungepakua vyote, maana ujumbe wa setapu hausemi kila mara ni kipi kilichoharibika.

Namba zimekataa kufanana

Usifute chochote bado. Faili bovu lina thamani, kwa sababu mara nyingi sehemu yake kubwa ni nzima.

Angalia kwanza ukubwa kwa baiti kamili, si “GB 3.9”. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, soma namba iliyo kwenye mabano. Ikiwa ndogo kuliko iliyotangazwa, upakuaji ulikatika, pengine umeme ulipokwenda na rauta ikazimika. Ikiwa ni kilobaiti chache tu, lifungue kwa Notepad: huenda ukakuta ukurasa wa wavuti umehifadhiwa kwa jina la gemu, wa kukuambia linki imekufa au bando limeisha. Na kuna namba moja inayofaa kuikumbuka kwa sura. Cheksamu yako ya SHA-256 ikianza na e3b0c44298fc1c14, au MD5 ikianza na d41d8cd98f00b204, hiyo ni cheksamu ya faili lisilo na kitu ndani. Baiti sifuri. Utaiona mara nyingi kuliko unavyodhani.

Ukubwa ukiwa sawa bado si ushahidi. Programu nyingi za kupakulia hutenga nafasi yote ya faili kwenye diski tangu mwanzo, kwa hiyo faili lililofika nusu linaweza kuonyesha ukubwa kamili, na nusu ya pili ikawa sifuri tupu.

Hakikisha toleo. Namba ya toleo la mwezi jana haiwezi kufanana na faili la wiki hii, na watengenezaji wengine hubadilisha faili bila kugusa jina.

Kisha kokotoa tena faili lilelile, mara ya pili. Hili watu hawalifanyi na ndilo linalosema mengi. Ukipata namba mbili tofauti kwa faili moja ambalo halikuguswa, mtandao hauna hatia: ni RAM au diski ya kompyuta yako. Hata ukipakua mara kumi hutafika. Pima RAM kwa Memtest86+, ukianza kwa kuchomoa kadi moja kama laptopu ina mbili. Laptopu za mitumba zinaweza kuja na RAM zilizochanganywa, hivyo hili si jambo la kufikirika.

Namba ikirudi ileile na bado hailingani na rasmi, faili ndilo bovu. Ikiwa upakuaji ulikatika tu, uendeleze badala ya kuanza upya. Mimi hutumia aria2, programu ya kupakulia kwa amri, ambayo huendeleza na kuhakiki mwishoni kwa amri moja:

`aria2c -c --checksum=sha-256=NAMBA_RASMI LINKI`

Kama uharibifu uko katikati, kuendeleza hakusaidii, na hapa ndipo torenti rasmi inapookoa. Torenti hukata faili vipande vidogo na kila kipande kina cheksamu yake. Gemu kama 0 A.D. hutoa torenti zake halali. Fungua torenti ya toleo hilohilo kwenye programu ya qBittorrent, izuie isianze, elekeza mahali pa kuhifadhi kwenye folda lenye faili lako bovu, hakikisha jina linafanana herufi kwa herufi, halafu bofya Force recheck. Itasoma faili lote na kukuambia uko asilimia ngapi. Ukiona 99.7, hicho kilichobaki ndicho utakachopakua, megabaiti chache badala ya gigabaiti. Ikimaliza, isimamishe mara moja: torenti huendelea kuwagawia wengine, na kupakia kunakula bando lako sawa na kupakua.

Namba zimefanana, lakini nani aliyekupa namba?

Lori la kontena linalotoka Mombasa hukaguliwa sili pale Malaba: namba iliyo kwenye mlango ilingane na iliyo kwenye karatasi. Utaratibu huo una maana tu ikiwa dereva hawezi kuandika karatasi yake mwenyewe. Cheksamu ni hivyo hivyo. Namba uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na linki ya gemu haithibitishi kitu, kwani aliyelichezea faili anaweza kuikokotoa upya na kukutumia mpya.

Mei 2017 seva mojawapo ya kupakulia programu ya video ya HandBrake ilivamiwa, na toleo la 1.0.7 la Mac likabadilishwa kwa lenye kirusi kwa siku chache. Ukurasa mkuu wenye cheksamu haukuguswa, na kwa hiyo aliyelinganisha aligundua papo hapo. Februari 2016 mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa mfumo endeshi wa Linux Mint: tovuti yenyewe iliingiliwa na linki zikaelekezwa kwenye nakala yenye mlango wa nyuma. Mwenye uwezo wa kubadilisha linki anaweza kubadilisha na namba iliyo chini yake. Ndiyo sababu namba hupaswa kutoka mahali tofauti na faili panapowezekana: faili kutoka seva ya kioo (mirror, inayohifadhi nakala za mafaili), namba kutoka tovuti kuu kwa https.

Namba isipotolewa kabisa, tumia sahihi ya kidijitali kwenye Windows:

`Get-AuthenticodeSignature .\setapu.exe`

Valid ina maana faili halijaguswa tangu mtengenezaji alitie sahihi. Angalia na jina la mwenye sahihi. HashMismatch ina maana limebadilika baada ya sahihi, liache. NotSigned haisemi lolote, studio nyingi ndogo hazilipii cheti. Kumbuka tu kwamba hii inahusu .exe, si vipande vya .bin vilivyo pembeni yake.

Cheksamu uliyokokotoa mwenyewe ina kazi nyingine pia. Nenda kwenye tovuti ya VirusTotal, chagua kutafuta, bandika SHA-256 yako. Hupakii faili, na kwa setapu kubwa usingeweza hata ungetaka, kwani kikomo chao ni MB 650. Unatuma herufi 64 na kupata majibu ya antivirusi kadhaa kama kuna mtu aliyewahi kulipeleka faili hilo. Likiwa halijulikani, usilihesabu kuwa salama. Na hata sahihi na namba vikikubaliana, bado si hakikisho kamili: mwaka 2017 programu ya kusafisha kompyuta ya CCleaner 5.33 ilitoka kwa mtengenezaji wake ikiwa na sahihi halali na kirusi ndani.

Gemu zilizovunjwa ufunguo (cracked) mara nyingi huja na faili lao la .md5, tena wakati mwingine na kitufe cha kuhakikia. Kitufe hicho kinasema umepokea alichofungasha aliyefungasha. Mtu huyohuyo ndiye anayekuandikia uzime antivirusi. Maamuzi ni yako.

Kupeana kwa flashi

Gemu nyingi hapa hazipiti kwenye mtandao zaidi ya mara moja. Mmoja anapakua, kumi wanakopi, au zinatoka kwenye vibanda vya kujaza filamu na gemu. Aliyepakua na kuhakiki anaweza kuwaokoa wote kwa kutengeneza orodha ya cheksamu akiwa ndani ya folda la gemu. Kwenye Linux au Termux:

`sha256sum * > ~/orodha.sha256`

Anayepokea anaiweka orodha ndani ya folda lake na kuandika `sha256sum -c orodha.sha256`. Mwenye Windows atumie ile Get-FileHash ya folda zima na kulinganisha.

Ukishakopi kwenye flashi, usihakiki palepale. Windows au Linux inaweza kukusomea nakala iliyobaki kwenye RAM badala ya flashi yenyewe, ukapata OK ya bure. Ichomoe kwa utaratibu, ichomeke tena, ndipo uhakiki. Flashi iliyoandikwa GB 512 kwa bei ya chakula cha mchana karibu kila mara ni ya uongo: inapokea mafaili yote, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, na kilicho ndani baada ya GB chache za mwanzo kimepotea. Cheksamu inaifichua mara moja. Ukitaka kuipima flashi yenyewe kabla ya kuiamini, kuna H2testw kwa Windows na f3 kwa Linux.

Flashi ikikataa faili moja kubwa ilhali nafasi ipo, hilo si suala la cheksamu: imeumbizwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Iumbize upya kuwa exFAT baada ya kuondoa vilivyomo.

Orodha ya cheksamu itume kwa njia nyingine, kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Ikikaa kwenye flashi ileile yenye gemu, kirusi cha kompyuta ya kafe kikiiharibu gemu kinaweza kuiharibu na orodha, na anayepokea hatakuwa na cha kulinganishia.